Nimeuziwa "lindi pipar" ya kifua. Inatoka Lindi kweli? Na hii ni pilipili gani?

#1 MchongaMitungi
Wakuu, habari za jioni.

Nina kikohozi kikavu, leo siku ya tisa. Jumamosi nilipita Kisutu kununua asali, mzee wa duka la viungo akanisikia nikikohoa nikiwa bado mlangoni. Hakuniuliza kitu. Akainama, akavuta kopo la chini kabisa lenye vumbi kwenye kifuniko, akanipimia gramu 50 za kitu ambacho sijakiona tangu nizaliwe.

Ni vijiti vya rangi ya majivu meusi, urefu kama pingili ya kidole, unene wa kalamu ya risasi. Ukikisogeza machoni unaona si kijiti. Ni vipunje vidogo sana vimeshonana kuzunguka kiini, mfano wa suke la uwele, ila suke la kuchezea watoto. Hakinuki mpaka ukivunje. Ukikivunja kinatoa harufu ya pilipili manga iliyolala kopo moja na mdalasini. Nikatafuna nusu pale pale dukani. Mwanzo utamu, kama sukari guru. Nikawa nataka kumwambia mzee "mbona ni tamu", sijamaliza sentensi ulimi umekufa ganzi na mate yanatiririka kama ninyonyaye limau.

Akaniambia inaitwa lindi pipar, niitwange, nichanganye na asali, kijiko cha chai asubuhi na jioni. Nikamuuliza, inatoka Lindi? Alicheka mpaka akaanza kukohoa yeye.

Sasa nauliza: ni kitu gani hiki, ni dume la pilipili manga au mmea mwingine? Kuna aliyeitumia akapona? Na kwa nini zilikuwa za zamani hivyo, au nimepigwa?

#2 KoroshoYaKusini
Mimi mzaliwa wa Mtama, Lindi. Kwetu kuna korosho, ufuta na mihogo. Hiyo hatuifahamu. Lakini kama inauzwa kwa jina letu basi tunataka mrabaha.

#3 JasminiWaJaribuni
Mwenye uzi, kaa kwanza ndipo nikueleze. Nyumbani kwetu tunaongea Kigujarati. Lindi hapo si mji. Ni vile vipunje anavyoacha mbuzi nyuma yake akitembea. Pipar ndiyo pilipili yenyewe. Imeitwa hivyo kwa umbo tu, msiogope.

#4 KoroshoYaKusini
Ombi la mrabaha nimeliondoa.

#5 FundiSaa
😂😂 Jamaa katafuna nusu bila hata kuuliza jina. Wanaume wa mji huu mna imani.

#6 DaktariWaMiti
Si dume la pilipili manga. Ni mmea mwingine wa ukoo huo huo. Manga ni Piper nigrum, hii ni Piper longum, na majina yote mawili yaliandikwa na Linnaeus mwaka 1753. Ndugu yao wa tatu mnamjua hata kama hamjui kuwa mnamjua: mtambuu, yule wa majani ya kutafuna na popoo na chokaa, Piper betle. Ukiyaweka majani ya watatu hawa mezani yanafanana, yote umbo la moyo.

Ila neno "dume" umeligusa bila kukusudia. Hii pilipili ina mmea dume na mmea jike mbalimbali, kama mipapai. Suke la dume ni refu na jembamba, halinenepi. Ulichouziwa ni suke la jike.

#7 Chongo wa Pili
Mi nilidhani ni tunda la ule mti mtakatifu wa Wahindi, mpipali, alioukalia Buddha. Jina si lile lile?

#8 MwanaPune
@Chongo wa Pili hapana, usije ukatwanga matunda ya mtini. Ule ni jamaa ya mikuyu, Ficus religiosa, wanauita pipal. Majina yanagongana tu, hata huku wenyewe yanawachanganya.

Nipo Pune, India, mwaka wa tatu wa famasia. Hiki kitu nakikuta kuanzia maabara mpaka jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu. Kisanskriti ni pippali, Kihindi pipli, Kitamil tippili. Ni mmea wa kutambaa na kupanda, hauna haja ya nguzo ndefu kama manga. Wanachuma suke likiwa kijani kinachoanza kuwa cheusi, kabla halijaiva kabisa, wanalianika juani siku nne tano mpaka likianguka sakafuni ligonge kama kokoto.

Kwenye Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, iko kila mahali. Kuna trikatu, maana yake "vikali vitatu": tangawizi kavu, pilipili manga na hii, vipimo sawa sawa. Ya kifua hasa inaitwa sitopaladi: mafungu 16 ya sukari ya mawe, 8 ya unga mweupe unaokutwa ndani ya mianzi, 4 ya pippali, 2 ya iliki, 1 ya mdalasini. Kila kitu nusu ya kilichotangulia. Mama mwenye nyumba wangu anailamba na asali akianza tu kusikia koo linakwaruza.

Na la uzee wake: hukupigwa. Vitabu vyao vinasema dawa nyingi zitumike zikiwa mpya, isipokuwa chache, na pippali imo kwenye hizo chache pamoja na asali, samli na sukari guru. Ikikaa ndiyo inakuwa nzuri.

#9 FundiSaa
Hiyo sheria iliandikwa na mwenye duka.

#10 MwanaPune
@FundiSaa 😂 hata mimi nilisema hivyo darasani, nikatolewa macho. Lakini wana mantiki yao. Wanasema ikiwa mbichi ni baridi na inaongeza makohozi, ikikauka ni moto na inayapunguza. Suke lile lile, tabia mbili.

#11 NesiWaZamu
Mwenye uzi, umesema siku ya tisa. Ikifika wiki mbili bado unakohoa, weka kopo pembeni ukapime TB. Hilo halina mjadala.

Pili, una dawa nyingine yoyote unayotumia? Jibu kabla hujaendelea kulamba.

#12 MchongaMitungi
@NesiWaZamu sina dawa yoyote dada. Nimelamba siku tatu. Kifua kimelegea, usiku nalala. @JasminiWaJaribuni asante kwa kuniharibia hamu.

#13 MzeeWaKamusi
Nimepita nikakuta mnaongea viini vya suke wakati jambo kubwa limewapita puani. Vijana, huu mmea ndio uliowapa neno "pilipili".

Pippali ya Kisanskriti ilikuwa ni hii ndefu, siyo manga. Manga wao waliiita maricha. Wagiriki wakalipokea neno wakasema peperi, Warumi piper, na huko Ulaya kote likasambaa kwa pilipili nyeusi, isiyo mwenye jina. Upande wetu Waajemi walisema pilpil. Kwa hiyo kila unapoagiza chipsi ukaongeza "na pilipili", unataja mmea ambao hujawahi kuuona. Mwenye jina yuko chini ya rafu Kisutu, ana vumbi.

#14 BintiMuscat
Mzee shikamoo. Mbona umemruka Mwarabu? Sisi huku Oman tunasema filfil, na hiyo ndefu ni dar filfil. Bibi yangu mzaliwa wa Unguja, na yeye anasema pilipili, na anasema tumeichukua kwa Waarabu, ndiyo maana ikaitwa pilipili manga. Manga si ndiko huku kwetu?

#15 MzeeWaKamusi
@BintiMuscat marahaba mwanangu. Manga ndiyo, inaonyesha bidhaa ilipitia wapi. Haionyeshi neno lilizaliwa wapi. Kiswahili hakiogopi F. Tunasema fedha, futari, fulusi, faida. Kama tungelipokea kwa Mwarabu, leo tungekula filifili. Ile P imetoka kwa asiyekosa P: Mwajemi au Mhindi.

#16 JasminiWaJaribuni
Kama ni Mhindi basi si Mgujarati. Sisi manga tunaiita mari, na pipar ni hii ndefu peke yake. Nahodha wa jahazi kutoka Kutch angewauzia manga akiita "mari", na leo mngekuwa na mari na mari hoho.

#17 TandaleMagharibi
@JasminiWaJaribuni labda alichouza kwanza ni hiyo ndefu! Watu wakazoea "pipar, pilipili", ikaja ile ya duara wakaiita pilipili ya Manga ili kuitofautisha. Kesi imekwisha.

#18 MzeeWaKamusi
Inavutia lakini umeruka mto bila daraja. Kile kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja pilipili ndefu kuwa mzigo wa Barygaza, ndiyo Bharuch ya Gujarat. Ile ya duara inapakiwa kusini, Muziris, pwani ya Kerala. Kinataja pia Rhapta, upande wetu huu. Lakini kwenye mizigo inayokuja Afrika kutoka huko India kinaandika ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, sukari. Pilipili hakuna. Jambo la kutofautisha nakubali lilitokea, ila nadhani lilikuja baadaye, Wareno walipoleta zile za Amerika, hizi hoho na kichaa.

#19 Nyundo_Nairobi
Hoho? Si hoho ni ile kubwa ya kijani haiwashi? Mzee umenichanganya.

#20 MpishiWaKibokoni
@Nyundo_Nairobi ya siku hizi hiyo. Wazee wetu Mombasa hoho kwao ilikuwa ile nyekundu ya kukutoa machozi. Usimuulize bibi wa Mji wa Kale akuletee hoho halafu ukalia.

#21 Nyundo_Nairobi
Kwani nyinyi huwa mnakubaliana jina la kitu gani?

#22 LugaLuga
Na mimi nitupe jiwe langu. Hamuoni kwamba neno limejirudia? Pili-pili. Kiswahili kinapenda hivyo: polepole, kizunguzungu, kiwiliwili. Lingekuja lolote kati ya hayo lingelainishwa liwe pilipili. P ya Mwajemi au F ya Mwarabu, mdomo wa Mswahili ndio uliotengeneza. Na Wareno wakalibeba kwetu wakaondoka nalo, leo dunia nzima inakula kuku wa piri-piri ikidhani ni Kireno.

#23 BintiMuscat
Nimemsomea bibi jibu la Mzee. Kasema "mwambie fulusi na filfil zote zetu". Ameingia ndani kulala.

#24 Dinari_Tatu
Nyie mnagombania jina, mimi nauliza: ilipotelea wapi? Plinius wa Roma, karne ya kwanza, aliandika bei kwa ratili: ndefu dinari 15, nyeupe 7, nyeusi 4. Yaani hii ya kopo la vumbi ilikuwa karibu mara nne ya manga! Bidhaa ya kitajiri namna hiyo inafutikaje mpaka mtu wa Dar aione akiwa na ndevu?

#25 TandaleMagharibi
@Dinari_Tatu umejijibu. Ilikuwa ghali. Ukiwa na kitu kinachowasha kwa dinari 4, utanunua cha 15? Meli zikazoea kwenda Kerala moja kwa moja, manga ikawa nyingi, ndefu ikabaki kwa waganga.

#26 LugaLuga
Haitoshi. Bei ilikuwa hivyo na bado waliinunua karne kwa karne. Muuaji ni pilipili za Amerika. Columbus alirudi nazo 1493, Vasco da Gama kapita Malindi Aprili 1498 akafika Calicut Mei, na Wareno waliomfuata wakazisambaza. Ile inaota popote, mpaka kwenye kopo dirishani, na ikikauka inaonekana hivyo hivyo, ndefu nyembamba. Angalieni Indonesia: cabe lilikuwa jina la pilipili ndefu ya Java, leo ukisema cabe unaletewa ya Amerika, na ya asili inabidi uongeze "ya Java". Yaliyoipata kwetu manga, ndiyo hayo hayo.

#27 MpishiWaKibokoni
Mimi nina sababu ya jikoni, hamtaipenda. Ni ngumu. Manga unaipasua kwa meno. Hii vipunje vimekaa kwenye kiini kama vigae, kinu kinairusha nje, mashine ndogo ya kahawa inalia. Na suke nene likianikwa vibaya linaota ukungu ndani huku nje linang'aa. Mpishi hana muda huo. Nilipewa na jirani Mgujarati, nikaikaanga kikavu kidogo, nikaipiga mchi mpaka jasho likanitoka, nikaitia kwenye pilau badala ya manga.

#28 FundiSaa
Ikawaje? Usituache njiani.

#29 MpishiWaKibokoni
Pilau ilikuwa nzuri ya kushangaza. Ule ukali haukuja mbele, ulikuja nyuma, mtu akishameza. Mume wangu kauliza "umetia mdalasini wa aina gani?" Shemeji yangu kasema ni pilau ya hospitali. Ni kweli ina harufu ya dawa kidogo, sikatai. Kwenye mchuzi wa nyama iliyochemka muda mrefu ndiko mahali pake.

#30 MwanaPune
@MpishiWaKibokoni Watamil wanaifanyia rasam, supu nyepesi ya ukwaju, mtu akiwa na mafua. Na Khulna, Bangladesh, wana ndugu yake mwingine wanayemwita chui jhal. Huyo hawali tunda, wanakata shina lake vipande kama muhogo, wanapika na nyama, halafu unatafuna shina mezani.

#31 Chongo wa Pili
Chui? Sasa na chui ameingia.

#32 DerevaWaMasafa
Ethiopia wanaiuza sokoni wazi. Nimeiona Merkato, Addis, magunia. Wanaiita timiz, wanaitia kwenye berbere, mchanganyiko wao wa viungo, na inanuka kidogo moshi. Kwa hiyo si kwamba imepotea Afrika, imepotea kwenu.

#33 DaktariWaMiti
@DerevaWaMasafa umesema la maana, ila angalia. Timiz nyingi ni ya mmea wa Afrika wenyewe, Piper capense, siyo ya India, ingawa wauzaji wanaitafsiri kuwa "pilipili ndefu" na mnunuzi wa Ulaya anaamini. Huyo capense ni kichaka zaidi kuliko mtambao, na anaishi kwenye misitu yetu ya milimani, Usambara wapo, anashuka mpaka Afrika Kusini. Kwa hiyo tuna jamaa yake mlangoni na tunanunua wa Kisutu.

Na Morocco wanaiweka kwenye ras el hanout, mchanganyiko wa viungo wa huko, wanaiita dar felfel. Binti wa Muscat atafurahi, F imeshinda huko.

#34 MamaWawili_Tanga
Jamani mimi sijui historia. Mwanangu wa miezi saba anakoroma kifuani. Naweza kumpa hiyo na asali kidogo?

#35 NesiWaZamu
@MamaWawili_Tanga HAPANA. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulambishwa kidoleni, inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Na unga wa kuwasha ukiingia njia ya hewa ni balaa lingine. Akiwa anakoroma, mfunue kifua, angalia kama mbavu zinavutwa ndani anapopumua. Kama ndiyo, usingoje asubuhi. Mpeleke.

#36 MamaWawili_Tanga
Hazivutwi ila nampeleka. Asante dada.

#37 JasminiWaJaribuni
Kwa mama mwenyewe ndiyo tunatumia, ila si suke. Ni mzizi wake, tunaita ganthoda, vipande vyenye vifundo. Unasagwa, unapikwa na samli na sukari guru. Mwanamke akijifungua kwetu atanywa akitaka asitake. Waswahili si mna uji wa pilipili manga wa mzazi? Ni wazo lile lile, kumpasha mwili moto.

#38 NesiWaZamu
Baada ya kujifungua sawa. Kabla, tahadhari. Wahindi wana mchanganyiko wa zamani wa pippali, mbegu za vidanga na boraksi ambao wanawake waliutumia wasishike mimba, na watafiti wao wakaufanyia majaribio kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetafuta mtoto au mwenye mimba asijilambie tu kwa sababu "ni mitishamba".

#39 FundiSaa
MchongaMitungi, mke wako anajua unalamba nini?

#40 MchongaMitungi
Tunao wanne, mkuu. Acha nilambe.

#41 MtuWaVipimo
Tuwe wakweli. Kilichompa nafuu ni asali na siku kupita. Kikohozi cha mafua kinaisha chenyewe. Huyo mzee angemuuzia hata karafuu, leo tungekuwa na uzi wa karafuu.

#42 MwanaPune
@MtuWaVipimo asali sikatai, lakini usiifute pippali haraka. Kinachowasha ni piperini, aliyoichomoa Ørsted mwaka 1819 kutoka kwenye pilipili manga, huyo huyo Mdenmaki wa umeme na sumaku. Watafiti wa Jammu walijiuliza kwa nini Ayurveda inatia trikatu karibu kila dawa. Wakaona piperini yenyewe si lazima itibu. Inazuia mwili kuvunja dawa nyingine, hivyo dawa inakaa kwenye damu muda mrefu. Jaribio la 1998: gramu 2 za kurkumini ya manjano pamoja na miligramu 20 za piperini, kiasi kilichoingia kwenye damu ya watu kiliongezeka kwa asilimia 2000. Na mwaka 2009 India ikaruhusu kidonge cha TB chenye rifampisini miligramu 200 badala ya 450, kwa kuwa kimetiwa piperini miligramu 10.

#43 MtuWaVipimo
Sawa, lakini hiyo inathibitisha nini kuhusu kikohozi? Kwake kulikuwa na asali tu, hakuna dawa ya kusindikizwa. Umethibitisha kwamba ni punda mzuri. Mzigo uko wapi?

#44 NesiWaZamu
Na ndiyo sababu niliuliza kwenye #11 kama ana dawa nyingine. Punda huyo hachagui mzigo. Mtu wa kifafa anayetumia fenitoini akiongeza hii kila siku, dawa yake inaweza kupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu. Hakuna mganga dukani atakayekuuliza hilo.

#45 DaktariWaMiti
Halafu kama ni piperini tu, basi mngelamba manga. Manga ina asilimia kama 5 hadi 9, hii ndefu mara nyingi iko chini ya hapo. Lazima kuna kingine, au hakuna kitu.

#46 MwanaPune
Niongeze moja kisha nikasome, nina mtihani. Hata hao wa Ayurveda hawakusema ule tu. Charaka, mwandishi wao wa kale, anataja vitu vitatu visivyotumiwa kwa wingi wala kwa muda mrefu: pippali, magadi ya majivu, na chumvi. Ila kuna njia moja maalumu aliyoiruhusu, ya kupanda na kushuka. Siku ya kwanza vijiti kumi na maziwa, kila siku unaongeza kumi, siku ya kumi unafika mia, kisha unashuka kumi kumi. Jumla elfu moja.

#47 HesabuTamu
Nimepiga. 10 hadi 100 ni 550. Kushuka 90 hadi 10 ni 450. Elfu kamili, siku 19. Hesabu yake safi. Sasa mniambie nani anakula vijiti mia kwa siku akabaki na utumbo.

#48 MwanaPune
Kumi ni ya wenye nguvu. Wa kati sita, wanyonge tatu. Na hufanywa chini ya mganga, mtu amelazwa. Usijaribu nyumbani.

#49 KoroshoYaKusini
MchongaMitungi alitafuna nusu akafa ganzi. Yeye aanzie robo.

#50 MkulimaWaMuheza
Nalima manga na iliki. Nikipata mbegu hii inaota Muheza? Naona nyote mnakula, hakuna anayepanda.

#51 DaktariWaMiti
Suke la dukani halitakuotea, usihangaike. Inapandwa kwa vipingili vya shina, kama viazi vitamu. Inataka kivuli cha nusu, udongo wenye mboji na maji yasiyotuama. Kerala wanaipanda chini ya minazi, na chuo chao cha kilimo kina aina yake iitwayo Viswam. Miezi kama sita unaanza kuchuma. Minazi unayo, mvua unayo. Usilete miche ndani ya begi la nguo, pitia kwa watu wa karantini ya mimea, ugonjwa ukija nao utamaliza manga yako.

#52 MkulimaWaMuheza
Shukrani. Soko?

#53 FundiSaa
Kopo la Kisutu.

#54 DaktariWaMiti
@MchongaMitungi hebu weka picha. Kuna kitu kwenye #1 kinanisumbua. Umesema urefu wa pingili ya kidole na unene wa kalamu. Piper longum kwa kawaida ni ndogo, sentimita mbili tatu, nyembamba kuliko kalamu. Ya Java, Piper retrofractum, ndiyo nene na ndefu. Nazo zinauzwa kwa jina hilo hilo.

#55 TandaleMagharibi
Post 53 zote na bado hatujui tunajadili nini 😂

#56 MchongaMitungi
Picha nimeweka. Nimepanga vijiti kumi na rula. Vidogo sentimita 2.4, vikubwa 4.3. Kopo moja hilo hilo. Kikohozi kimeisha siku ya kumi na mbili, kwa taarifa ya Nesi.

#57 DaktariWaMiti
Vile vitatu vya kushoto ningesema Java. Vya kulia ni longum. Vya katikati sijiingizi.

#58 MzeeWaKamusi
Basi hata Plinius hatujui alilipia dinari 15 kwa ipi.

#59 JasminiWaJaribuni
Wafanyabiashara wa zamani wanachanganya. Gunia likipungua linaongezwa lililopo. Kamuulize mwenyewe.

#60 MchongaMitungi
Nimetoka huko sasa hivi. Nilienda na rula, nikamwonyesha tofauti. Mzee akaitazama rula, akanitazama mimi, akasema kama nataka kupima kwa sentimita duka la vitambaa liko mlango wa pili. Kisha akanipimia gramu 50 nyingine. Safari hii kutoka kopo la juu.